Ombi la Kusimamishiwa Ukwe Siku ya Kupiga Pini

Louisville, Kentucky
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Mzee Ngarambe,
Mwenyekiti wa Kamati ya Michezo,
Umoja wa Familia za Kivu za Louisville, Columbus na Buffalo,
Amherst, New York.

Ndugu Mwenyekiti na kaka yangu katika Bwana,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote. Sisi huku tu wazima, isipokuwa kifundo cha mkono wangu wa kuume, nacho nitakitaja mahali pake.

Mimi ni Dionizi Bagula, mume wa Gracieuse, ndimi niliyebeba spika zote mbili peke yake siku ya mkutano wetu wa Columbus. Ninafanya kazi ghalani, kupakia vifurushi kwenye malori. Sina kawaida ya kulalamika. Mke wangu akikusimulia vinginevyo, kumbuka kwamba barua hii inamhusu mama yake mzazi, kwa hiyo ushahidi wake una upande.

Ingawa wewe ndiye uliyeongoza kikao, naona niikumbushe Kamati mwanzo wa jambo hili, maana huenda barua ikasomwa na wajumbe ambao hawakuwepo. Mwaka jana tulicheza mpira wa miguu. Magoti mawili ya Buffalo na mgongo mmoja wa Louisville vilipelekwa hospitali kabla ya mapumziko. Ndipo shemeji yangu Gaël, anayeishi Whitehall pale Columbus, akasimama na kusema kwamba msimamizi wake wa kazini alimpeleka kwenye mchezo usiohitaji kukimbia. Zinapangwa pini tano juu ya meza, vile vigogo vyeupe vya mchezo wa boling vyenye shingo nyembamba na tumbo la chupa. Watu wawili wanasimama bega kwa bega, kila mmoja na meza yake na bastola yake, na wa kwanza kuondoa pini zake zote ndiye mshindi. Buffalo mlisema hamwezi kuandaa kwa sababu sheria za bastola za jimbo lenu ni kali, lakini mtakuja. Wazee wawili waliuliza inakuwaje watu waliokimbia risasi wakazifuate tena Jumamosi, kwa hiari yao, wakiwa na pilau kwenye gari. Ukaitisha kura. Mimi niliinua mkono wa ndiyo kwa sababu babu yangu alikuwa mwindaji, na nilijua kwamba damu haipotei.

Nakiri kura ilikuwa huru. Malalamiko yangu ni ya yale yaliyofuata.

KWANZA, nalalamikia neno "kuondoka". Gaël aliponieleza mchezo kwa simu alisema "kuangusha". Mimi nilinunua bastola ya kuangusha. Nilikwenda dukani nikamwambia muuzaji kwamba nataka ya kupigia pini, naye akanishauri nichukue kitu kikubwa. Nikaona huyu anataka kuniuzia cha ghali. Nikachagua bastola ya milimita tisa, nyepesi, ya plastiki, inayobeba risasi kumi na saba. Hesabu yangu ilikuwa hii: pini ni tano. Mtu mwenye risasi kumi na saba kwa pini tano anaweza kukosea mara kumi na mbili na bado akaondoka na heshima zake. Nionyeshe bastola nyingine yenye huruma kiasi hicho. Na risasi nilichukua zile zenye pua ya mviringo, zinazong'aa, ambazo boksi lake liliandikwa kwamba zina mwendo mkali sana. Nani asingechukua?

Siku ya kwanza, kwenye kile kiwanja cha kulengea shabaha nje ya Columbus, nilizipiga pini zote tano. Ulikuwepo. Moja risasi iliteleza begani kwake ikaenda zake, pini ikazunguka kama mlevi anayetafuta mlango, kisha ikasimama tena palepale. Nyingine zote zililala. Meza yangu ilifanana na sebule yetu siku ya Krismasi baada ya chakula: kila mtu amelala na hakuna aliyeondoka. Nikaanza kuzipiga zikiwa zimelala, lakini pini iliyolala inageuka tu upande, kama mtoto anayeamshwa kwenda shule. Risasi kumi na saba zikaisha. Mpinzani wangu wa Buffalo alikuwa ameshamaliza, amevua vizibo vya masikio, anatafuna karanga.

Ndipo mwenye kiwanja, yule mzungu mzee Bwana Hollis, akanieleza kwa upole kwamba kanuni inataka pini iondoke mezani kabisa, idondoke chini. Kwa hiyo kinachotakiwa ni risasi nzito inayosukuma. Hii yangu inapita haraka kama mgeni asiyetaka kuulizwa habari za nyumbani. Maelezo hayo yalikuwa mazuri sana. Nauliza tu kwa nini yalikuja baada ya risasi ya kumi na saba.

PILI, nalalamikia meza ya huruma. Najua kanuni ya mchezo, kwamba wenye risasi ndogo pini zao zipangwe karibu na ukingo wa nyuma ili msukumo mdogo utoshe. Lakini siku ile waliopelekwa kwenye meza hiyo tulikuwa watatu, mimi na wake wawili wa mashemasi, na jina "meza ya huruma" lilitungwa na mjumbe wa Kamati ambaye simtaji, ila ana ndevu. Binti yangu aliniuliza, kwa Kiingereza chao hicho, kwa nini pini za baba zimewekwa mahali pa kuanguka zenyewe. Nilimjibu kwa Kiswahili. Hakuelewa, na nikashukuru.

TATU, kifundo cha mkono. Baada ya aibu ile niliirudisha ile ya plastiki dukani na kuchukua rivolva ya arobaini na nne, ile ya gurudumu, ndefu kama mkono wa mtoto. Muuzaji alitaka kusema neno nikamkataza. Ndugu Mwenyekiti, kuhusu kuondoa pini sina lawama. Pini ya kwanza niliyoipiga iliondoka mezani, ikaondoka kiwanjani, na Bwana Hollis aliikuta baadaye kwenye shamba la mahindi la jirani. Lakini teke lake! Kila nilipofyatua, mdomo wa bastola ulitazama mbinguni, nami nikautazama pamoja nao, na mpaka turudi duniani mwenzangu alikuwa ameshaondoa mbili. Tena gurudumu linabeba risasi sita tu, pini ni tano, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni moja, na hiyo mimi huitumia mwanzoni. Jumatatu yake kazini sikuweza kuinua boksi la soksi. Msimamizi aliniuliza nimefanyaje, nikasema ni mambo ya kanisa.

NNE. Lalamiko la nne nimeliondoa baada ya kusali. Lilimhusu mjumbe mwenye ndevu.

TANO, na hapa naomba usome ukiwa umekaa, namlalamikia mama mkwe wangu, Mama Nzigire.

Unamfahamu. Anaishi na mwanawe Gaël pale Whitehall na anafanya kazi ya kuhudumia wazee, kuwainua kitandani na kuwaogesha. Siku ile ya kwanza Gaël alimwekea kiti mbali, karibu na magari, na blanketi magotini, kwa sababu sote tulijua alikotoka na namna alivyotoka, na watoto aliowashika mikononi, na yule mmoja ambaye hakufika naye. Risasi za kwanza zilipolia, sote tuligeuka kumwangalia yeye badala ya pini. Alikuwa amekaa wima. Kisha akakunja blanketi vizuri, akaliweka juu ya kiti, akaja kwa miguu mpaka kwenye kamba.

Gaël alimkimbilia. "Mama, turudi nyumbani?"

"Hapana," akasema. "Acha nisikie. Ni mara ya kwanza nasikia risasi na najua kwenye inaenda."

Wewe mwenyewe ulivua kofia. Naye akauliza mtu akitaka kujaribu anamwomba nani.

Ndugu Mwenyekiti, mimi niliguswa kama wengine. Nilisimama nyuma ya gari la mtu nikapangusa uso. Lakini tazama matokeo. Tangu aseme neno lile hakuna mtu katika miji mitatu anayetaka pini yoyote imkatalie Mama Nzigire. Akipiga, hata wapinzani wake wanasema "asante Yesu". Mimi nikipiga, watu wanaangalia simu.

Naomba ieleweke kwamba hakuanza na ujuzi. Gaël alimpa kwanza bastola ndogo ya ishirini na mbili, ya kujifunzia, na alizipiga pini zikabaki zimesimama zinamtazama. Alilalamika kama mimi ninavyolalamika sasa, ila kwa sauti ya chini. Kisha akaenda dukani na Gaël, na habari za dukani nimezipata kwa Gaël mwenyewe. Mimi dukani niliuliza inabeba ngapi. Yeye hakuuliza. Aliomba apewe moja moja mkononi, bila risasi, akafumba macho na kuzipima kama mtu anayechagua mtwangio. Nyepesi zote akazirudisha. "Hii itaruka mu mukono," akasema, "na mukono yangu inachoka na kuinua wazee." Mwishoni akachukua ya arobaini na tano, ya chuma tupu, muundo wa zamani, nzito kama sufuria ya harusi. Muuzaji akamwonyesha risasi zenye mwendo mkali, zile zilizonipendeza mimi. Gaël akamtafsiria. Mama akauliza: "Ile pini inakimbia?" Akaambiwa haikimbii. "Sasa risasi ikimbie juu ya nini?" Akachukua nzito, za polepole, zenye kichwa bapa, ambazo zikigusa mbao hazitelezi, zinauma na kusukuma.

Matokeo unayajua. Bastola nzito haimrushi mkono, kwa hiyo hapotezi muda kuitafuta shabaha upya. Risasi nzito inaisukuma pini mpaka nyuma ya meza. Yeye haipigi shingoni, mahali pembamba panaponivutia mimi sijui kwa nini. Anaipiga pale tumbo linapoanzia. Puu, imekwenda. Puu, imekwenda. Hana haraka hata kidogo, na anamaliza mbele ya wenye haraka. Nimejaribu kutafuta kanuni anayoivunja. Naiomba Kamati initafutie, maana ninyi mna muda.

SITA, nalalamikia hukumu iliyotolewa hapa Louisville, mjini kwangu, mbele ya wafanyakazi wenzangu niliowaalika.

Wakati huo na mimi nilikuwa nimehamia arobaini na tano. Nakanusha kwamba nilimwiga. Nilifika kwenye uamuzi huo kwa njia yangu, nikipitia plastiki na gurudumu. Katika raundi ya mchujo, kura ikanipanga bega kwa bega na Mama Nzigire.

Hapa nieleze kwa ajili ya wajumbe vijana waliozaliwa huku. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasemezani ana kwa ana, wala hawakaziani macho. Ni heshima. Maneno hupitia kwa mtu wa katikati. Katika ndoa yangu mtu huyo ni Gracieuse, na asipokuwepo ni Gaël. Siku moja wote wawili hawakuwepo, basi Mama akaiambia friji kwamba chumvi imekwisha, nami nikaiambia friji kwamba nitaleta. Tumeishi hivyo kwa amani tangu nilipooa.

Sasa nifanye nini, kaka? Nimshinde mama wa mke wangu hadharani, kwa bastola? Au nishindwe na mama wa mke wangu mbele ya watu wa ghalani, ambao wamekuja na viti vyao vya kukunja? Nilichagua njia ya mtu mstaarabu. Nilikosea kwa makusudi. Nilipiga kushoto, nikapiga kulia, nikapiga kile kilima cha udongo cha nyuma, nikatikisa kichwa kama mtu anayeshangaa bastola yake.

Mama alikuwa ameondoa pini tatu. Akaacha kupiga. Akaiweka bastola mezani, mdomo umeelekea mbele kama alivyofundishwa, akainua kizibo cha sikio moja, akageuka na kunitazama usoni.

"Dionizi," akasema.

Jina langu sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Uko unapiga udongo?"

Nilimtafuta Gracieuse kwa macho. Alikuwa nyuma ya kamba, mkono mdomoni.

"Mimi si mugonjwa," Mama akasema. "Na si mutoto. Wale wazee kazini, kila siku naogesha mutu mwenye watu walishaacha kumusemesha vizuri, wanamusemesha tu pole pole kama yai. Usinifanyie vile. Piga."

"Ndiyo, Mama," nikasema. Nilimjibu yeye. Friji haikuwepo.

Akarudisha kizibo, Bwana Hollis, aliyekuja kutoka Columbus kuwa mwamuzi, akapanga pini upya, tukaanza tena. Nami, Ndugu Mwenyekiti, nakuapia nilikusudia kupiga pini. Lakini nilifyatua kabla ya kuinua bastola sawasawa, na risasi yangu ya kwanza iliupiga mguu wa meza. Mguu ule ulikuwa umeshapigwa na wengi kabla yangu, ni wa mbao, na ulikuwa unangoja tu mtu wa mwisho. Meza ikapiga magoti. Pini zote tano zikateleza zikaanguka chini kwa mpigo mmoja, wakati Mama Nzigire alikuwa ndiyo kwanza anaondoa ya pili.

Kanuni inasema: wa kwanza ambaye pini zake zote tano zimeondoka mezani. Zangu ziliondoka. Kanuni haisemi meza ibaki imesimama. Nilitarajia Kamati iisome kanuni kama ilivyoandikwa. Badala yake wewe, kaka yangu katika Bwana, ulisema mbele ya umati: "Dionizi, tulikuja kupiga pini, hatukuja kupiga fanicha." Watu wa ghalani wanaitumia sentensi hiyo mpaka leo. Nikiangusha boksi wanasema fanicha. Kuna mmoja ameniandika hivyo kwenye simu yake.

SABA, na ndiyo sababu hasa ya barua hii. Mama alisonga mbele. Mimi, kwa rehema za mlango wa waliookolewa, yaani nafasi ya pili ya walioshindwa, nilisonga pia. Na sasa mmetoa ratiba ya fainali ya Columbus, mwishoni mwa kiangazi, na nimeisoma jikoni nikiwa nimesimama: meza ya kwanza, Nzigire na Bagula.

Hali yangu ni hii. Nikikosea makusudi, nimemvunjia heshima, amesema mwenyewe. Nikimshinda, nimemvunjia heshima, imesema mila. Nikishindwa kwa haki, fanicha. Upande wowote nitakaoshika kuna mtu wa kunipokea kwa kicheko au kwa kikao cha ukoo. Nimeshindwa kulala, nimebadilisha risasi mara tatu nikitafuta ile itakayonipa matokeo yasiyo na lawama, na muuzaji wa duka ananiambia hakuna risasi ya namna hiyo.

Kwa hiyo naleta maombi yafuatayo, kuanzia la kawaida.

Ombi la kwanza: Mama Nzigire arudishwe kwenye ile ya ishirini na mbili, au pini zake zijazwe mchanga. Gracieuse amesoma ombi hili na kuniuliza kama sina haya. Naliacha lisimame kama msingi wa mazungumzo.

Ombi la pili: kama hilo haliwezekani, Kamati isimamishe ukwe baina yangu na Mama Nzigire, kuanzia pale Bwana Hollis anaposema "tayari" mpaka pini ya mwisho iguse ardhi. Katika muda huo yeye atakuwa mama fulani kutoka Columbus nami nitakuwa bwana fulani kutoka Louisville. Nitampiga kwa nguvu zangu zote, namaanisha pini. Ukwe utarudi papo hapo, na nitambebea kiti chake mpaka garini bila kumtazama.

Ombi la tatu: mchungaji wetu ameniambia ukwe hausimamishwi peke yake, kwa sababu umening'inia kwenye ndoa. Nimelifikiria jambo hilo kwa uzito. Basi naomba ndoa yangu na Gracieuse isimamishwe kwa muda huohuo mfupi. Mchungaji aishike tu, kama mtu anavyomshikia mwenzake koti anapokwenda kunawa. Nimemshirikisha mke wangu, ili asije akasema hakuulizwa. Alijibu kwamba kwa upande wake muda usiwe mfupi hivyo. Nachukulia hilo kuwa ridhaa.

Ombi la nne: ikiwa Kamati itakataa yote, basi nihamishiwe Buffalo kwa siku moja, nihesabiwe mtu wa kwenu, nipigane na mtu yeyote wa Louisville, hata mimi mwenyewe kama kanuni itaruhusu.

Sidhani ninaomba makubwa. Sisi ni watu tuliovuka mipaka mingi kwa karatasi zisizosomeka. Kusimamisha ukwe kwa pini tano ni jambo dogo kwa Kamati inayojua kugonga mhuri.

Nakuachia kwa heshima zote. Mfikishie salamu mama wa nyumbani kwako, na watoto, na wale ndugu wa duka la Grant Street ambako mnanunua unga, waambie ule wa mara ya mwisho ulikuwa mzuri. Wasalimie wajumbe wote wa Kamati, hata mwenye ndevu. Gracieuse anakusalimu, ingawa amesema salamu zake zisichanganywe na zangu.

Ni mimi mdogo wako, mpigaji wa pini na si wa fanicha,

Dionizi Bagula

Baada ya sahihi: Nilikuwa nimeshalamba bahasha simu ilipolia. Ni Gaël. Amehamishiwa zamu ya Jumamosi mpaka mwaka uishe, kwa hiyo hataweza kupiga naye Mama katika mashindano ya wawili wawili kama walivyokuwa wamepanga. Nikampa pole. Akasema subiri, sijamaliza. Amemwuliza Mama achukue nani badala yake, akamtajia vijana watatu wazuri wa Columbus na yule Gakunzi wa kwenu anayepiga bila kupepesa. Mama akasema, "Nipatieni Dionizi." Gaël akamwuliza kwa nini, kwa haki kabisa, kwa sababu anajua ninavyopiga. Akajibu, "Yule nikimwambia kitu anasikia."

Nimeifungua bahasha kwa mvuke wa birika ili niongeze haya.

Kwa kuwa kanuni hairuhusu wenzi wa timu moja kupambana wao kwa wao, mimi na Mama tunajitoa kwenye meza ya kwanza. Naomba malalamiko namba moja mpaka saba yahesabiwe hayakuandikwa, pamoja na lile la nne ambalo halikuandikwa tangu mwanzo. Bastola ya Mama isiguswe. Risasi zake zisipimwe, na kama kuna nzito zaidi azipewe. Na ukwe, Ndugu Mwenyekiti, Kamati yoyote ikithubutu kuusimamisha hata kwa kupiga chafya, nitakuja Amherst mwenyewe. Barua ningeichana, ila stempu imeshabandikwa na Gracieuse hapendi kitu kiharibike.

Gaël anasema Mama anataka tutumie risasi za aina moja, ili mmoja wetu akiishiwa mwenzake ampe, na kwamba hayo tupange wenyewe, yeye Gaël hana muda wa kubeba maneno yetu tena. Amenitumia namba ya Mama. Sikuwahi kuwa nayo. Sasa iko hapa mbele yangu, Gracieuse amesimama mlangoni anajifanya anakunja nguo, na mimi natafuta neno la kwanza. Nadhani nitaanza na "Mama, ni Dionizi."